Mkono, Pima na Doti

Wasomaji, twasoma katika kitabu cha Mwanzo ya kuwa urefu wa safina ya Nuhu ulikuwa dhiraa 300. Watoto hutuuliza, dhiraa ni nini? Huwaambia wakunje mkono, wapime toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Ndipo wacheka, kwa kuwa mkono wa mtoto na wa mwalimu haulingani.

Basi kicheko hicho kina maana. Wazee walipima kwa mwili: shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima, kadiri ya mtu anyoshaye mikono yake yote miwili. Huko pwani palikuwa na mkono kamili, tena na mkono wa konde, uishiao penye ngumi iliyofumbwa. Bila shaka mnunuzi alipenda ule, na mwuzaji huu.

Wala haukuwa mchezo, maana nguo ilikuwa fedha. Merikani, yaani nguo iliyoletwa kutoka Marekani, ilihesabiwa kwa doti, na doti ni mikono 8. Mwaka 1871 Henry Stanley aliuliza huko Unguja habari za safari ya bara, akaambiwa ya kuwa doti 10 kwa siku zatosha chakula cha watu 100. Fanyeni hesabu: kila mtu alikula kwa nguo isiyotimia mkono mmoja. Mpimaji akiiba vidole vinne katika kila mkono, yaani kama sehemu ya sita, watu 16 walala njaa.

Ulaya nako walisumbuka vivyo hivyo. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alishurutishwa kukubali hati, na ndani yake imo kanuni ya kuwa upana wa nguo uwe mmoja nchini mwote. Naye Jacob Köbel, Mdachi, katika kitabu kilichopigwa chapa miaka ya 1530, aeleza jinsi ya kupata fimbo ya kupimia mashamba. Watu 16 watokao kanisani, warefu kwa wafupi, wasimamishwe mstari mmoja, kila mtu mguu wake wa kushoto uguse wa mwenziwe. Jumla ya miguu hiyo ndiyo fimbo ya haki. Twaipenda akili hiyo, kwa maana hawakuutafuta mguu wa mkubwa.

Sisi hapa Galula tuliijaribu kwa wanafunzi 16, kisha kwa wazee 16. Kamba ya wazee ilizidi, nao wanafunzi wakadai yao ndiyo ya kupimia kazi ya shamba la shule.