Upako wa nanochembe katika mchemko

Upako wa nanochembe ni tabaka jembamba la chembe zenye kipenyo cha nanomita 1 hadi 100, mara nyingi za oksidi ya alumini, silika au oksidi ya titani, linaloshikamana na uso wa chuma kinachochemsha kimiminika. Unene wake kwa kawaida hauzidi mikromita chache. Hata hivyo hubadilisha namna maji yanavyotandaa juu ya uso huo, na hivyo kiasi cha joto ambacho mchemko unaweza kukiondoa kabla chuma hakijaungua.

Kikomo cha mchemko

Mwaka 1934 mhandisi Shiro Nukiyama wa Sendai, Japani, alipitisha umeme kwenye waya zilizozamishwa majini, akaonyesha kuwa mchemko una kilele chake. Viputo vikizaliwa kwa kasi mno huungana na kuwa utando wa mvuke. Maji hayagusi tena chuma, na kwa kuwa mvuke hupitisha joto kwa shida, halijoto ya chuma hupanda ghafla. Waya za nikromu ziliungua. Za platini, inayoyeyuka kwa halijoto ya juu zaidi, zilistahimili. Utando wa namna hiyo ndio unaolifanya tone la maji licheze juu ya chuma cha chapati kilichoshika moto sana, jambo aliloliandika Johann Gottlob Leidenfrost mwaka 1756. Kwa maji yaliyo katika kanieneo ya kawaida ya hewa, kilele hicho ni karibu megawati 1 kwa kila mita ya mraba. Wahandisi hukiita kikomo, nao hupanga mitambo yao ifanye kazi chini yake kwa umbali wa kutosha.

Ugunduzi wa tabaka

Upako huu uligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Tangu 1995, Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, alipopendekeza vimiminika vilivyochanganywa na nanochembe, watafiti walitarajia kwamba chembe hizo zingeboresha kimiminika chenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Arlington, walitia oksidi ya alumini kidogo sana majini, chini ya gramu 1 kwa lita, wakakuta kikomo kimefikia karibu mara 3 ya kile cha maji matupu. Mwaka huohuo mtafiti Das na wenzake walitoa taarifa kwamba mchanganyiko wa aina hiyo uliudhoofisha mchemko. Matokeo hayo mawili yalionekana kupingana.

Ufumbuzi ulipatikana kwenye chuma. Chini ya kila kiputo kuna maji machache sana ambayo hukauka na kuziacha chembe palepale, kama maji ya bahari yanavyoacha chumvi. Mwaka 2007 watafiti wa Korea Kusini walifanya jaribio rahisi na la kupendeza mno: walichukua waya uliokwisha kupata tabaka, wakauchemshia katika maji safi yasiyo na chembe hata moja. Kikomo kilibaki juu. Kilichofanya kazi, basi, ni tabaka.

Namna linavyofanya kazi

Uso wenye tabaka hulowana kwa urahisi. Katika vipimo vya chuo cha MIT, Marekani, pembe ya mguso, yaani pembe kati ya ukingo wa tone la maji na uso, ilishuka kutoka karibu nyuzi 80 hadi karibu 20. Vitundu vya tabaka navyo huvuta maji kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, vikiyarudisha mahali palipoanza kukauka. Kulowana na kunyonya hufanya kazi pamoja. Mwaka 2013 watafiti wa MIT walizipima sifa hizi mojamoja: tabaka lenye vitundu na linalopenda maji lilipandisha kikomo kwa asilimia 50 hadi 60, lakini lenye vitundu na linaloyakataa maji lilikishusha kwa asilimia 97. Mparuzo wa uso peke yake haukuleta tofauti kubwa.

Faida hiyo ina gharama. Viputo huzaliwa katika mikwaruzo na vishimo vilivyonasa hewa au mvuke. Kwenye uso unaolowana sana maji huvijaza vishimo hivyo, na chembe huvifukia. Hapo chuma hulazimika kupata moto zaidi ndipo viputo vianze, na tabaka lenyewe, likiwa nene, huzuia joto. Ndiyo maana upako uleule unaweza kupandisha kikomo huku ukiufanya mchemko wa kawaida uwe mzito, na matokeo ya 2003 yanapatana.

Utengenezaji

Kuchemsha mchanganyiko wa nanochembe ndiyo njia nyepesi, ila tabaka lake halilingani kila mahali. Kikundi cha MIT mwaka 2010 kilizamisha chuma kwa zamu katika polima yenye chaji chanya na silika yenye chaji hasi, safu juu ya safu, na kikomo kikapanda hadi maradufu. Huko Kyushu, Japani, mtafiti Yasuyuki Takata alitumia oksidi ya titani, ambayo ikimulikwa na mwanga wa urujuanimno hulowana kabisa.

Matumizi

Vinu vya nyuklia vinavyopozwa kwa maji na vifaa vya elektroniki vyenye joto kali ndivyo vinavyotajwa zaidi. Uimara wa tabaka kwa miaka mingi ya kazi bado ni kikwazo.