Usingizi Ulipiganiwa

Vijana wenzangu wa kalamu, tuna ugonjwa mmoja. Mkute mwandishi chipukizi mwenye macho mekundu, atakwambia kwa maringo: "Jana nimekesha!" Eti asiyekesha si mwandishi, na anayelala mapema ni mvivu. Hebu tuiulize historia: nani alitufundisha kuuonea haya usingizi?

Zamani giza ndilo lililofunga kazi. Jua likizama, mkulima anarudisha jembe, fundi anaweka sindano, maana mafuta ya taa ni ghali. Mwanzoni mwa karne ya 19 viwanda vya pamba vya Uingereza vikaanza kuwasha taa za gesi. Mashine haisinzii, basi mwenye kiwanda akaona kwa nini mtu asinzie? Hata watoto wakafanyishwa kazi usiku. Ilibidi itungwe sheria, mwaka 1833, kukataza viwanda vingi vya nguo kuajiri watoto wa chini ya miaka 9, na kuwakesheza kazini walio chini ya miaka 18. Fikiri, msomaji: mtoto alale mpaka Bunge likae!

Robert Owen, aliyeendesha kiwanda kule New Lanark, Scotland, ndiye aliyeigawa siku mafungu matatu mwaka 1817: masaa 8 ya kazi, 8 ya mapumziko, 8 ya kulala. Waashi wa Melbourne waliweka nyundo chini mwaka 1856 wakayapata masaa yao nane. Chicago, mwaka 1886, watu walikufa katika vuguvugu hilo hilo, na Mei Mosi yetu imetoka huko. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani likaandika mkataba wake wa kwanza kabisa: viwandani iwe masaa 8 kwa siku, 48 kwa wiki.

Kumbe basi ile namba nane ilizaliwa kwenye mapambano. Mwili hauisomi saa hivyo. Mwaka 2015 watafiti waliwapima Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wakakuta wanalala wastani wa masaa 5.7 hadi 7.1 tu. Utafiti wa mwaka 2017 uliwafuata Wahadzabe 33 kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Hakuna aliyepangiwa zamu, lakini karibu kila wakati yuko aliye macho, na wenzake wanalala kwa amani.

Kwa hiyo wafanyakazi wale hawakugombea namba tupu. Waligombea haki ya mtu kusema: sasa basi, muda huu ni wangu. Hata kwetu, sheria ya kazi ya mwaka 2004 iliuhesabu usiku kuwa saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ikaagiza anayefanya kazi humo aongezewe asilimia 5 ya mshahara wa kila saa. Mlinzi na nesi wanakesha kwa sababu lazima wakeshe, na sheria ikakubali kwamba usiku wao una bei.

Sasa wewe unayekesha ili usifiwe, nani atakulipa? Usingizini ndipo ubongo hukaza yale tuliyojifunza mchana. Funga daftari, mwenzangu. Watu walimwaga damu ili upate kulala. Hadithi yako itakungoja hadi kuche.