Uhuru iliyoruka kutoka Malindi

Juzi hapa Baraka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho wa sekondari aliniuliza: "Yaya, hii fizikia ya nyota inatusaidia nini sisi watu wa Fizi? Si ni mambo ya wazungu tu?" Siku ile sikumjibu vizuri. Leo ninajaribu kumjibu kwa historia.

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi ya Scout ilirusha setelaiti ya Marekani. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na njo wao walioirusha. Kwa nini waende mbali hivyo? Sababu ni ikweta. Pale dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, basi roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo kule NASA, akaipa setelaiti jina la Kiswahili: Uhuru.

Tukumbuke kwamba wakati ule ule, huku kwetu, neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Tangu 1967 Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walikuwa katika milima ya Fizi, kule Hewa Bora, wakipinga utawala wa Mobutu. Huku uhuru ulitafutwa kwa bunduki. Kule Malindi neno lile lile lilikuwa linapanda juu ya mawingu.

Lilipanda kufanya nini? Eksirei zinazotoka kwenye nyota hazifiki huku chini, hewa inazimeza zote. Ni lazima chombo kiende juu kuzipokea. Uhuru ilikuwa setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilijizungusha polepole, ikipima anga kipande kwa kipande, mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilitoka 1978, na iko na vyanzo 339 vya eksirei.

Kimoja kati ya hivyo, Centaurus X-3, kiliwashangaza watafiti. Eksirei zake zilikuwa zinapiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Tena kila baada ya siku 2.1 hivi zilikuwa zinafichika, halafu zinarudi. Wakaelewa kwamba ziko nyota mbili: moja ndogo sana lakini nzito, inayopita nyuma ya mwenzake mkubwa. Ile ndogo inavuta gesi ya ile kubwa. Lakini gesi haianguki moja kwa moja, juu tayari iko mwendoni. Umeshaona maji ya beseni yanavyozunguka kabla ya kutoka kwenye tundu? Gesi nayo inazunguka hivyo, inatandaa kama sahani, tabaka zake zinasuguana na kupata moto. Ikifikia nyota yenyewe, joto ni mamilioni ya digrii, na eksirei zinatoka. Mwaka 1973 Shakura na Sunyaev, wa Umoja wa Kisovieti, waliandika hesabu za sahani za namna hiyo, na mpaka leo zinatumika.

Nyota changa pia ziko na sahani, lakini zake ni za baridi, za gesi na vumbi. Hizo zinachunguzwa kwa mawimbi ya redio mafupi. Mwaka 2014 antena za ALMA, kule Chile, zilitoa picha ya nyota HL Tauri: pete juu ya pete, na mianya ya giza katikati, mahali ambapo huenda sayari zinajitengeneza. Jua letu lilikuwa na sahani kama hiyo miaka karibu bilioni 4.6 iliyopita. Humo njo dunia ilitoka. Hata dhahabu tunayoichimba Misisi ilikuwa tayari ndani ya lile vumbi.

Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Alistahili. Lakini tuseme ukweli: neno lilikuwa letu, pwani ilikuwa ya Afrika Mashariki, na hesabu zilifanywa ng'ambo. Kuazimwa jina si sawa na kuwa na elimu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Wavuvi wetu wanapoingia ziwani na taa zao kutafuta ndagala, wanachagua usiku usio na mwezi, usiku ule ule ambao mtaalamu wa nyota anautamani. Na takwimu za ALMA, muda wa watafiti wenyewe ukiisha, zinafunguliwa kwa kila mtu, hata aliye Baraka na simu yake. Mlango haujafungwa. Kinachotukosesha kuingia ni hesabu tunazozikimbia darasani, pamoja na ile imani kwamba anga ni ya wengine. Safari ijayo, tusitoe neno tu. Tutoe na watu.