Chuo Kilichotusomesha: Tumekiachia Nini?



Ndugu zetu katika Imani, wengi wetu tulisoma bure. Mikeka tuliikuta imetandikwa, misahafu imepangwa, na mafuta ya taa hatukujua kayanunua nani. Katika historia yetu, mara nyingi aliyenunua alikuwa mtu aliyekwisha fariki zamani.

Asili yake ni Khaybar. Sayyidna 'Umar bin Al-Khattaab (R.A.) alipata shamba huko, akaona hajapata kumiliki mali nzuri kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, naye akamwelekeza alizuie shamba lenyewe na mazao yake yawe sadaka. 'Umar akaweka sharti: lisiuzwe, lisirithiwe, wala lisitolewe zawadi. Huo ndio wakfu.

Vyuo vikasimama kwa njia hiyo. Mwaka 400 Hijria (1010), Khalifa Al-Haakim wa Misri aliandika hati ya wakfu wa majengo, na sehemu ya mapato yake ikaenda Al-Azhar kwa mikeka, taa, mafuta na mishahara. Karne zilizofuata, wanafunzi wa huko waliishi katika riwaq kulingana na walikotoka, wakiwemo Jabarti wa Pembe ya Afrika, na mkate wao ulitoka kwenye wakfu. Huku kwetu Afrika Mashariki, Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Uganda, aliyefariki mwaka 1991, alitoa ardhi ya Kibuli, Kampala, palipo msikiti na shule hadi leo.

Sasa tuseme yetu. Mwanafunzi wetu wa zamani alikuwa akituambia kila Idi: "Walimu wangu, kile kiwanja cha ubavuni ni chenu." Akafariki, Allah amrehemu. Hakuandika, hakushuhudisha. Warithi wakagawana kwa haki yao na kiwanja kikauzwa. Hatuwalaumu. Kosa ni letu: tulimfundisha mirathi tangu utotoni, lakini tuliona haya kumwambia, "Mwanangu, andika." Leo watoto wanasoma kwa zamu.

Basi leo tunasema bila ya haya. Anayetaka kukikumbuka chuo chake ana milango miwili. Wa kwanza ni wakfu akiwa hai na mzima: mali inamtoka siku hiyo hiyo na kuwekewa msimamizi. Wa pili ni wasia, unaotekelezwa baada ya kifo na madeni kulipwa. Wasia hauzidi theluthi, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwekea mpaka Sa'd bin Abi Waqqaas (R.A.), na mwenye kuusia anaweza kuubadili akiwa hai. Yote mawili yaandikwe, yashuhudiwe na watu wawili waadilifu, na familia ijulishwe mapema ili pasizuke ugomvi msibani.

Si lazima kiwe kiwanja. Minazi miwili au chumba kimoja cha kupangisha kinatosha kununua misahafu kila mwaka.

Wazazi, liulizeni usiku wa leo mezani: chuo kilichotusomesha, tumekiachia nini?

Wabillaahi tawfiiq.