Ng'ombe wa Amana na Kumbukumbu ya Kompyuta

Harold Schneider, Mwamerika aliyekaa kati ya Wanyaturu wa Singida mwaka 1959 hadi 1960, aliandika kitabu juu ya uchumi wao kilichotoka mwaka 1970. Katika nchi ile mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, bali wengine aliwakabidhi kwa watu wengine wamtunzie. Mapatano yaliwekwa moyoni. Mzee akifa bila kuwaambia wanawe, ng'ombe yu hai na majani anakula, lakini kwa warithi amepotea.

Miaka ile ile wataalamu wa Marekani walikabiliwa na shida ya namna hiyo. Programu huomba kipande cha kumbukumbu, hupewa anwani yake, na kazi ikiisha hupaswa kukirudisha. Ikipoteza anwani, kipande hushikwa bure mpaka programu ifungwe. Mwaka 1960 John McCarthy alionyesha njia ya kuanzia kwenye anwani zijulikanazo, kufuata kila kinachofikika, kisha kukusanya vilivyosalia. Mwaka huo huo George Collins alitaka kila kipande kihesabiwe wanaokitaja. Hesabu ikifika sifuri, kirudishwe. Lakini vipande viwili vitajanavyo havifiki sifuri kamwe, hata vikisahauliwa na vingine vyote.

Hapa ndipo neno "kumbukumbu" linapotupoteza. Kompyuta huhifadhi, kujua kilichohifadhiwa ni cha nani ni kazi nyingine, kwani zizi halimjui mwenye ng'ombe. Yafaa basi mahali tupaite hifadhi, na jina la kumbukumbu tuliweke kwa ule ujuzi ambao mzee aliondoka nao.