Msamiati hukua hadithini: Mafunzo ya lugha katika 'Adili na Nduguze'

KATIKA shule nyingi nchini, msamiati hufunzwa kwa orodha. Mwalimu huandika neno ubaoni, akalitolea maana kwa neno jingine moja, naye mwanafunzi hulikariri kwa matumaini ya kulipachika katika insha. Matokeo yake anayafahamu kila aliyewahi kusahihisha insha hizo. Mwanafunzi aliyekariri kuwa 'maridhawa' ni 'tele' huandika bila wasiwasi kwamba mbu maridhawa walimuuma usiku kucha. Orodha haikumweleza kuwa neno hilo hutajwa pale penye wingi unaotosheleza na kuridhisha, kama vile chakula karamuni.

Mazoea haya yalikita mizizi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini orodha zingali zinanakiliwa madaftarini. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa: mtoto apewe hadithi nzima aisome mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanachukua mfano wa 'Adili na Nduguze', hadithi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952. Mwandishi huyo, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ndiye pia mtunzi wa 'Kusadikika' (1951). 'Adili na Nduguze' ni kitabu chembamba. Watu wazima hukisoma kwa faida, ila vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikutana nacho vikiwa bado shuleni.

Kisa chenyewe

Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kuchukua kodi katika nchi ya Janibu, ambako Adili ni liwali. Akiwa huko, Ikibali anashuhudia jambo la kutisha: usiku Adili anawapiga manyani wawili, kisha anawaonea huruma. Habari zinamfikia mfalme, naye Adili anaitwa ajieleze. Inabainika kuwa manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa sababu ya kijicho na kugeuzwa hayawani na jini aitwaye Huria, ambaye pia ndiye aliyeamrisha wapigwe.

Mtoto anayetaka kujua kwa nini mtu mwema anawapiga wanyama hatakiweka kitabu chini kwa sababu ya neno gumu moja au mawili. Hamu ya kujua kisa ndiyo inayomvusha, na maneno mapya humwingia akiwa njiani.

Majina yenye maana

Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina yanayotaja tabia au hali zao. Kila jina ni mlango wa ukoo mzima wa maneno.

Adili ni mwenye kutenda haki. Kutoka hapo mwanafunzi anapata uadilifu, mwadilifu, adilisha na maadili. Hatashangaa tena kusikia jina la Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, iliyoundwa nchini mwaka 2011.

Hasidi na Mwivu wanadhihirisha kuwa maneno yanayokaribiana si lazima yalingane. Wivu unaweza kuwapo hata baina ya wapenzi. Husuda ni chuki ya kuona neema ya mwingine na kutaka imwondokee. Anayeyasoma matendo ya ndugu hao wawili huiona husuda ikitenda kazi, jambo ambalo fasili ya mstari mmoja haiwezi kumwonyesha.

Huria anahusiana na huru na uhuru, na leo twasema soko huria. Ikibali ana nasaba moja na kubali na kibali. Naye liwali ni cheo kilichokuwapo kwelikweli: Mombasa, Malindi na Lamu zilikuwa na maliwali enzi za ukoloni. Neno moja limemfunza mtoto lugha na historia ya pwani kwa pamoja.

Jina la kupendeza zaidi huenda ni Ughaibuni. Kwa Shaaban Robert ni nchi ya kubuni; kwa msomaji wa magazeti ni mahali wanakoishi Wakenya walio ng'ambo. Shina lake ni ghaibu, yaani kilichofichika au kisichokuwapo machoni. Ni shina hilo hilo tunalolitumia tunaposema kuwa mtu amesoma kwa ghaibu, yaani kwa kukariri bila kutazama maandishi.

Somo katika anwani

Hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, anwani ina funzo la sarufi. 'Nduguze' ni ufupisho wa 'ndugu zake', sawa na mwanawe, mkewe, mumewe na babaye. Mwanafunzi akilitafuta neno 'nduguze' katika kamusi hataliona. Sharti ajue kulitafuta chini ya 'ndugu'. Vivyo hivyo, 'walisameheana' hutafutwa chini ya 'samehe'. Wengi huilaumu kamusi kuwa haina neno ilhali hawajafundishwa kulivua viambishi.

Namna ya kusoma

Kwanza, soma sura nzima bila kamusi. Kusimama kwenye kila neno hukata ladha ya kisa.

Pili, rudia sura hiyo ukitia alama maneno mageni, kisha ubashiri maana. Tazama sentensi iliyotangulia na inayofuata, na uangalie umbo la neno: je, lina shina unalolijua?

Tatu, fungua kamusi ili kupima ubashiri wako. 'Kamusi ya Kiswahili Sanifu', iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na 'Kamusi Kuu ya Kiswahili' ya BAKITA ya mwaka 2015 zinafaa. Nakili pia upatanisho wa kisarufi: wivu huu, husuda hii.

Nne, liandike neno pamoja na jirani zake. Andika 'tosa mtu baharini', wala usiandike 'tosa' peke yake. Kisha utunge sentensi yako kuhusu jambo lililotokea nyumbani au shuleni, na umsomee mwenzako.

Tano, chagua maneno machache kwa kila sura. Matano yaliyoeleweka yana manufaa kuliko hamsini yaliyonakiliwa. Na ikiwa kila mstari unakushinda, weka kitabu hicho kando kwa sasa, utafute chepesi zaidi.

Tahadhari

Kufanana kwa maneno kunaweza kupotosha. Rai ni oni au shauri. Raia ni mwananchi. Sauti zimekaribiana, lakini asili za maneno hayo katika Kiarabu ni mbili tofauti. Ubashiri bila kamusi ungemfanya mwanafunzi ayaunganishe bure.

Aidha, kitabu cha mwaka 1952 kina maneno na miundo isiyosikika sana leo. Mwalimu aeleze ni yapi yangali katika matumizi ya kila siku na yapi yanafaa zaidi katika ushairi au masimulizi. Mtoto asipoelezwa hivyo, atahamisha neno la kasri hadi sokoni na kuchekwa, na anayechekwa mara mbili huacha kujaribu.

Wazazi na walimu

Mtaala wa umilisi umetenga nafasi ya kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi hujichagulia matini. Nafasi hiyo isigeuzwe kuwa kipindi kingine cha orodha. Mwalimu aulize kwanza: 'Ungekuwa Adili, ungewasamehe?' Atakayejibu swali hilo atalazimika kutumia maneno husuda, toba, huruma na uadilifu kwa sababu anayahitaji.

Mzazi asiye na fedha za kununua vitabu vingi anunue kimoja, kisomwe kwa zamu jioni, na yeye mwenyewe akiri pale ambapo hajui neno. Mtoto akimwona mkubwa akifungua kamusi hatajionea haya kuifungua.