Namna ya kuweka mifumo miwili ya uendeshaji katika kompyuta moja

WAMILIKI wengi wa kompyuta za miaka ya nyuma walijikuta njia panda Oktoba 14, 2025, pale kampuni ya Microsoft ya Marekani iliposimamisha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za kiusalama katika Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na prosesa za kizazi kipya, sifa ambazo mashine nyingi za zamani hazina ingawa bado zinafanya kazi vizuri.

Njia mojawapo ya kuepuka kuitupa mashine ya namna hiyo ni kuiwekea mfumo wa pili wa uendeshaji, kwa kawaida mmojawapo wa aina za Linux kama Ubuntu au Linux Mint, bila kuifuta Windows iliyopo. Kompyuta inapowashwa, skrini huonyesha orodha fupi, na mtumiaji huchagua mfumo anaoutaka. Mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu haifanyi kazi nje ya Windows hubaki nayo, lakini anapotaka kuingia kwenye intaneti hutumia Linux, ambayo huendelea kupata marekebisho ya kiusalama bila malipo.

Jambo lenyewe si geni. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, na tangu miaka hiyo wapenzi wake wamekuwa wakiiweka kando ya mifumo mingine. Hata Apple ilitoa programu ya Boot Camp mwaka 2006 ili kompyuta zake ziweze kuendesha Windows, ingawa programu hiyo haifanyi kazi katika mashine zenye prosesa za Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020.

Kazi nzima inaweza kumalizika kwa saa moja au mbili. Hata hivyo, ina hatua moja yenye hatari ya kweli, nayo ni kuigawa diski.

Windows inapokuja na kompyuta, kwa kawaida huwa imeimiliki karibu diski yote. Ili Linux ipate makazi, sehemu ya Windows hupunguzwa na nafasi inayobaki huachwa wazi; gigabaiti 25 zinatosha kuanzia, lakini 50 ni bora zaidi. Ni salama kupunguza kwa kutumia chombo cha usimamizi wa diski kilichomo ndani ya Windows yenyewe kuliko kuiachia kazi hiyo programu ya Linux. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, mafaili yanaweza kuharibika, hivyo kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme haifai kuguswa siku ambayo umeme unakatikakatika.

Ndiyo maana kunakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje si ushauri wa kupuuzwa. Wakati wa kusakinisha Linux, programu huuliza iwapo iwekwe kando ya Windows au ifute diski nzima, na chaguo hizo mbili hukaa karibu karibu kwenye skrini. Anayebonyeza la pili kwa haraka hupoteza picha za familia na hesabu za miaka kwa mkupuo mmoja.

Kuna mtego mwingine usioonekana. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga data za diski kwa BitLocker, pengine bila mmiliki kufahamu. Mabadiliko katika utaratibu wa kuwasha mashine yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo hakuna fundi atakayezifungua data hizo. Ufunguo huo unapaswa kunakiliwa kwenye karatasi kabla ya jambo lolote kuguswa.

Aidha, njia ya kuzima haraka, iliyoletwa na Windows 8 mwaka 2012, inatakiwa kuondolewa. Njia hiyo haiifungi Windows kikamilifu, bali huilaza, na Linux ikijaribu kuandika kwenye sehemu iliyo katika hali hiyo mafaili yanaweza kuvurugika.

Baada ya hapo, faili la Linux hupakuliwa, huwekwa kwenye flashi kwa programu maalumu, na kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo kwa kubonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea mtengenezaji. Linux nyingi huweza kujaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinishwa. Fursa hiyo ni ya kutumiwa, kwani huonyesha mapema kama spika na intaneti isiyotumia waya vinafanya kazi.

Kwa mashine za kale zinazotumia BIOS, utaratibu ni Windows kwanza, Linux baadaye, kwa kuwa Windows hufuta programu ya kuwashia inayoikuta mwanzoni mwa diski. Mashine mpya za UEFI ni waungwana zaidi: kila mfumo una folda yake katika sehemu ndogo ya pamoja, na programu ya GRUB, inayokuja na Linux, huonyesha orodha ya yote miwili. Hata hivyo amani hiyo si ya uhakika. Agosti 2024, marekebisho ya kiusalama ya Windows yalizuia Linux kuwaka katika baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili.

Watumiaji wa Afrika Mashariki hukutana pia na saa inayopotea. Linux huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ya kimataifa, wakati Windows huichukulia kuwa ya mahali ilipo, na tofauti kwa eneo hili ni saa tatu kamili. Saa nne asubuhi kwenye Linux inaweza kusomeka saa moja asubuhi kwenye Windows. Dawa yake ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

Anayeamua baadaye kuiondoa Linux asianze kwa kufuta sehemu yake ya diski, kwani GRUB itabaki ikitafuta mafaili yasiyokuwapo na mashine itakwama kwenye skrini nyeusi. Katika kompyuta ya UEFI, kwanza huingia kwenye mipangilio ya kuwashia, Windows ikawekwa juu ya orodha, mashine ikawashwa upya kuhakikisha inafunguka, ndipo sehemu ya Linux inapofutwa.